Kumfuata Mtoto Ng'ambo: Kutoka Mrima hadi Guangzhou

Kati ya mwaka 1992 na 2024 watoto wa Kichina zaidi ya 160,000 waliondoka kwao wakiwa wamebebwa na wazazi wa kigeni waliofunga safari kwenda kuwachukua. Karibu nusu yao walikwenda Marekani. Waliobaki walitawanyika Kanada, Hispania, Uholanzi, Sweden na nchi nyingine tajiri. Wengi walikuwa wasichana, na katika miaka ya mwanzo wengi hawakuwa wametimiza miaka 2. Masimulizi ya safari hizo huanzia Beijing, katika sheria ya mwaka 1992. Mizizi yake ni mirefu kuliko hapo, na mmoja wake ulipita pwani ya Mrima, katika ukanda wa Pangani, Mkwaja, Saadani na Bagamoyo.

Mkwaja ni kijiji cha wavuvi na wakulima kusini mwa Wilaya ya Pangani, kikitazamana na ncha ya kaskazini ya Unguja. Huko, kama kwingine pwani, mtoto kulelewa na asiyemzaa si habari. Aliyeachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake akamtumetume. Aliyefiwa huchukuliwa na ami au shangazi. Mume na mke wasio na mtoto hupewa mmoja wa ndugu yao. Neno linalotumika ni kulea tu. Mzazi hahesabiwi kuwa amempoteza mtoto, na mlezi hajawa mzazi. Sheria ya Kiislamu, inayoongoza ndoa na mirathi ya wengi wa watu wa pwani, inahimiza sana kulea yatima lakini hairuhusu nasaba ibadilishwe: Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume na kuitwa Zaid bin Muhammad, alirudishiwa jina la babake mzazi baada ya kushuka aya za Surat Al-Ahzab. Mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi ya mlezi wake, ila anaweza kuusiwa mali isiyozidi theluthi. Njia moja tu humwingiza katika ukaribu wa damu, nayo ni maziwa. Mama akimnyonyesha angali mchanga, watoto wa mama huyo huwa ndugu zake wa kunyonya, asioweza kuoana nao.

Karne ya 19 ilileta namna nyingine ya mtoto kuondoka kwao. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba, na bei ya karafuu ilipopanda, Pemba ikahitaji mikono. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza uliofunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Wafanyabiashara wakabadili njia. Badala ya kupakia majahazi Kilwa, waliwapandisha watu kwa miguu kufuata pwani kuelekea kaskazini hadi pande za Pangani, ambako kuvuka kwenda Pemba ni kazi ya usiku mmoja. Watoto walikuwa wengi katika misafara hiyo, kwani mtoto hatoroki kirahisi na husahau kwao upesi, au ndivyo wanunuzi walivyoamini.

Waliokamatwa baharini na manowari za Kiingereza hawakuweza kurudishwa makwao. Wengine hawakujua hata jina la mto wa kwao. Walikabidhiwa kwa misheni. Mfano ulikuwa umewekwa mapema, mwaka 1864, Sultani Majid alipompa Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA wavulana 5 waliotolewa mikononi mwa wafanyabiashara. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Waanglikana walipokea watoto waliokombolewa na wengine, wala hawakununua. Wapadri wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu, waliofika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kujenga Bagamoyo mwaka 1868, walifuata njia tofauti: walikwenda sokoni, wakalipa bei, wakamchukua mtoto na kumlea katika misheni hadi alipooa au kuolewa na kupewa shamba katika kijiji cha Wakristo.

Fedha za kununulia zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo parokia za Kikatoliki za Tanzania zinalijua hadi leo. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, na mtoto aliyekusudiwa hakuwa wa Kiafrika. Alikuwa mtoto wa Kichina. Wamisionari waliandika kutoka China kuhusu vichanga waliotupwa njiani, na askofu akawaomba watoto wa Ulaya watoe kila mmoja sarafu ndogo moja kwa mwezi ili vichanga hao waokotwe, wabatizwe na walelewe. Kwa vizazi kadhaa msamiati wa watoto wa shule za Kikatoliki Ulaya ulikuwa na maneno ya kumnunua Mchina mdogo. Kapu hilohilo ndilo lililolipia mtoto wa Kizigua au wa Kinyasa aliyesimamishwa sokoni Unguja.

Hoja ya Waingereza dhidi ya ununuzi ilikuwa nyepesi kueleza: kila mtoto anayenunuliwa, hata kwa nia ya kuachwa huru, anamlipa mwindaji gharama yake na kumrudisha porini. China yenyewe iliionja hoja hiyo kwa damu. Katika mji wa Tianjin watawa wa Kifaransa walikuwa wakitoa fedha kidogo kwa yeyote aliyewaletea mtoto yatima. Ukatokea utekaji wa watoto, na wakati huohuo maradhi yakaua wengi katika kituo chao. Uvumi ukaenea kwamba watawa wanang'oa macho na mioyo ya watoto kutengenezea dawa. Tarehe 21 Juni 1870 umati uliwaua wageni wapatao 20, wakiwamo konsuli wa Ufaransa na watawa 10, pamoja na Wachina wengi Wakristo. Uvumi wa macho ulikuwa uongo. Malipo kwa anayeleta mtoto yalikuwa kweli.

Mrima, mwishoni mwa karne hiyo, mto wa watoto ulianza kukauka. Wajerumani, waliotwaa pwani baada ya kuivunja vita ya Abushiri wa Pangani mwaka 1889, hawakufuta utumwa moja kwa moja, ila biashara ya misafara ilikufa. Chama cha Kiprotestanti cha Ujerumani kilifungua makazi ya watoto waliokombolewa huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896. Haikupita miaka 10 makazi hayo yakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ingali ikifanya kazi.

Waingereza, waliowafuata Wajerumani Tanganyika, walikuja na wazo ambalo pwani haikuwa nalo. Kwao Uingereza sheria ya kuasili ilipitishwa mwaka 1926 tu. Chini yake amri ya mahakama ilimkata mtoto na wazazi wake wa kwanza na kumuunganisha na wengine kana kwamba wamemzaa, ingawa mwanzoni haikumhamishia haki za mirathi. Sheria ya namna hiyo ikaingia pia katika vitabu vya Tanganyika. Wazigua na Waswahili wa Mkwaja waliendelea kulea kama zamani, lakini hati ya kuasili ilikuwa imezaliwa, na hati ina sifa ambayo neno la mdomo halina: huvuka mipaka.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia hati hiyo ndiyo iliyowezesha safari za kufuata watoto. Mwaka 1955 mkulima wa Oregon, Harry Holt, na mkewe Bertha waliasili watoto 8 wa Korea walioachwa baada ya vita, na Bunge la Marekani likalazimika kupitisha sheria maalumu kwa ajili yao. Korea ikawa mlango wa kwanza mkubwa. Ilipoanza kuona aibu ya kusafirisha watoto, hasa baada ya dunia kukusanyika Seoul kwa Michezo ya Olimpiki ya 1988, familia za Magharibi zilitazama kwingine, na China ilikuwa tayari.

Tarehe 25 Septemba 1980 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha China ilitoa barua ya wazi ikiwataka wanachama wazae mtoto mmoja tu. Mjini agizo lilishika. Vijijini lilikutana na hesabu nyingine: mkulima hakuwa na pensheni, binti aliolewa akahamia kwa mumewe, na mwana wa kiume ndiye aliyebaki kuwatunza wazee. Kuanzia mwaka 1984 mikoa mingi ililegeza kamba na kuruhusu mtoto wa pili kama wa kwanza ni msichana. Aliyekuwa hatarini, basi, alikuwa binti wa pili au wa tatu. Aliachwa usiku kwenye lango la hospitali, sokoni, kituo cha basi, mahali ambapo angeonekana kabla hakujapambazuka vizuri. Wakati mwingine na kikaratasi cha tarehe ya kuzaliwa kilichofungwa nguoni.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wa kuasili hawakuelezwa. Wachina wenyewe walikuwa tayari kuwachukua wasichana hao. Mtafiti wa Marekani Kay Ann Johnson, ambaye mwenyewe aliasili mtoto China, alionyesha kwa miaka mingi ya kuzungumza na wanavijiji kwamba familia nyingi zenye wavulana zilitaka binti wa kulea. Sheria ndiyo iliyowazuia. Sheria ya Kuasili iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1992 ilimtaka anayeasili awe na miaka 35 na asiwe na mtoto, ili mtu asijifiche nyuma ya kuasili kukwepa mpango wa uzazi. Sheria hiyohiyo iliwafungulia wageni. Vituo vya kulelea watoto vilivyofurika na visivyo na fedha, na ambavyo Human Rights Watch ilivishutumu mwaka 1996 kwa vifo vya watoto wengi, vikapata mlango wa kutokea.

Safari ilianza kwa karatasi. Afisa wa ustawi wa jamii alifika nyumbani kwa waombaji, akakagua vyumba, akauliza mishahara, malezi yao wenyewe na namna watakavyomwadhibu mtoto. Zikafuata hati ya ndoa, cheti cha afya, barua ya polisi na ya mwajiri. Kila moja ikathibitishwa na wakili, ikagongwa muhuri wa serikali, kisha muhuri wa ubalozi wa China juu ya muhuri. Faili likapelekwa Beijing, katika kituo kilichoundwa mwaka 1996 kusimamia kazi hiyo, ambako maofisa waliwaoanisha waombaji na watoto. Hakuna aliyechagua mtoto. Siku moja bahasha ilifika: picha ya ukubwa wa pasipoti, ukurasa mmoja wa afya, jina la kituo, na jina la mtoto ambalo mara nyingi lilitungwa na wafanyakazi. Watoto wa kituo kimoja waliweza kuchangia jina la ukoo, ama la mji wao, ama neno lenye maana ya chama au taifa.

Wiki kadhaa baadaye familia zilipanda ndege kwa makundi. Baada ya siku moja au mbili za kutembezwa Beijing, kundi liliruka hadi mji mkuu wa jimbo: Changsha, Nanchang, Nanning, Hefei. Huko, katika ofisi ya serikali au kwenye ukumbi wa hoteli, walezi waliingia na watoto waliotoka safari ya saa kadhaa kwa basi, wamevishwa nguo tatu nne juu ya nyingine, na majina yakaitwa. Picha zilizopigwa wakati huo zinafanana ajabu: mama analia kwa furaha, mtoto analia kwa hofu, na mlezi aliyemlea tangu akiwa mchanga amesimama pembeni ya fremu. Katika vitabu vya kumbukumbu vya familia mlezi huyo hana jina mara nyingi.

Kesho yake walirudi kutia saini. Ofisa aliuliza kama wameridhika na mtoto na kama wanaahidi kutomtupa, swali ambalo wakalimani walilitafsiri kwa upole. Kisha ikalipwa dola 3,000 za mchango wa kituo, taslimu, kwa noti mpya zisizokunjwa. Familia ilikaa hapo karibu wiki moja ikingoja pasipoti ya mtoto, ikijifunza kwamba anataka uji wa mchele na hataki maziwa baridi, na kwamba usiku anaamka kutafuta mtu asiyekuwapo.

Kwa Wamarekani kituo cha mwisho kilikuwa Guangzhou, kwa kuwa ubalozi wao mdogo wa huko ndio uliotoa viza za watoto wote wa kuasiliwa. Kwa miaka mingi shughuli hiyo ilifanyika Shamian, kisiwa kidogo mtoni kilichokuwa eneo la Waingereza na Wafaransa katika karne ya 19. Hoteli ya White Swan, iliyofunguliwa mwaka 1983, ilijaa familia hizo kiasi kwamba wageni walipewa mwanasesere wa Barbie aliyebeba mtoto wa Kichina, na kochi jekundu la ukumbini likawa mahali pa lazima pa kupigia picha watoto wote wa kundi wamepangwa mstari mmoja. Maduka ya jirani yaliwaazimisha vigari vya watoto. Katika mji huohuo, mtaa wa Xiaobei, wafanyabiashara wa Kariakoo na Nairobi walikuwa wakijaza makontena ya nguo na simu. Makundi mawili ya wageni yalipishana uwanja wa ndege, kila moja likiwa na risiti zake.

Mtoto alichunguzwa afya, wazazi wakala kiapo mbele ya konsuli, na viza ikatoka. Kuanzia tarehe 27 Februari 2001 mtoto wa namna hiyo alikuwa raia wa Marekani tangu anapokanyaga ardhi yake. Mwaka 2005, ambao ulikuwa kilele, Marekani pekee ilipokea watoto karibu 7,900 kutoka China.

Novemba ya mwaka huohuo polisi wa jimbo la Hunan walivunja mtandao uliokuwa ukinunua vichanga kusini, jimboni Guangdong, na kuwauza kwa vituo vya pande za Hengyang. Vituo viliwaandika kama watoto waliookotwa, vikawapeleka katika mpango wa wageni na kupokea dola 3,000 kwa kila mmoja. Mwaka 2006 mahakama iliwatia hatiani watu 10. Mwaka 2011 jarida la Caixin la China likafichua jingine, zito zaidi: katika wilaya ya Longhui, huko Shaoyang, maofisa wa uzazi wa mpango walikuwa wamewachukua watoto kwa nguvu kutoka kwa wazazi walioshindwa kulipa faini, na baadhi wakaishia ng'ambo wakiwa na hati zinazosema walitupwa. Wengi wa watoto waliokwenda ng'ambo waliachwa kweli. Tatizo ni kwamba karatasi ya aliyeachwa na ya aliyeibwa ziliandikwa na mkono mmoja na kugongwa muhuri mmoja, na mzazi aliyesimama Changsha hakuwa na njia ya kuzitofautisha. Mchango ule uliotolewa kwa moyo safi ulifanya kazi ileile ya fedha za Tianjin mwaka 1870.

China ilibana taratibu. Kuanzia tarehe 1 Mei 2007 haikupokea waombaji wasio na ndoa, wala wenye unene wa kupindukia, wala waliovuka miaka 50 isipokuwa kwa masharti. Muda wa kungoja, uliokuwa miezi, ukawa miaka. Wazazi wa China walikuwa wanatajirika, vichanga wenye afya wakipungua vituoni, na waliobaki kutolewa nje walikuwa hasa watoto wenye ulemavu au maradhi: midomo sungura, moyo, uti wa mgongo.

Foleni ilipokuwa ndefu, mashirika yaligeukia Afrika ya Mashariki na Kati. Ethiopia ilitoa watoto zaidi ya 2,000 kwa Marekani katika mwaka 2010 pekee, kisha ikapiga marufuku kabisa mwaka 2018, baada ya malalamiko ya wazazi walioambiwa mtoto anakwenda kusoma na atarudi. Kwa mzazi aliyezoea kulea kwa desturi, ahadi hiyo ilikuwa na maana kamili. Amri ya mahakama ilisema vingine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka Septemba 2013, na mamia ya watoto waliokwisha kuasiliwa mahakamani wakakwama Kinshasa. Kenya ilifunga mlango wake Novemba 2014. Uganda, ambako wageni walikuwa wakipata amri ya ulezi na kuondoka na mtoto baada ya siku chache, ilirekebisha sheria mwaka 2016 na kumtaka mgeni akae nchini na mtoto kwa mwaka mmoja kwanza.

Beijing ilimalizia. Safari zilisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na tarehe 5 Septemba 2024 Wizara ya Mambo ya Nje ikatangaza kwamba watoto hawatatolewa tena kwa wageni, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na wazazi wa kambo. Familia mamia kadhaa za Marekani zilikuwa na picha za watoto waliokwisha kuoanishwa nao tangu kabla ya janga. Wakati huohuo wasichana wa miaka ya 1990, sasa watu wazima, wanasafiri kinyume: wanarudi Hunan na Jiangxi na vipimo vya vinasaba, wakibandika matangazo penye lango ambalo hati zinasema waliokotwa.

Tanzania haijawahi kuwa mlango wa namna hiyo. Haimo katika Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili baina ya nchi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini angalau miaka 3 mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo kwa miezi 3 chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, kabla mahakama haijamsikiliza. Zanzibar, katika sheria yake ya mwaka 2011, iliweka pia kafala: ulezi wa Kiislamu unaotambuliwa na mahakama bila kumbadilishia mtoto nasaba.

Mkwaja kesi za namna hiyo ni adimu. Yatima hupata mlezi kabla ya arobaini ya marehemu kupita, mbele ya wazee, na hakuna anayeandika. Hati hutafutwa mtoto anapotakiwa kuvuka bahari. Shangazi aliye Muscat au London akitaka kumchukua mpwa wake, afisa wa viza humuuliza amri ya mahakama iko wapi, na ndipo familia hulazimika kwenda Pangani kumwona afisa ustawi wa jamii, kisha Tanga mjini, Mahakama Kuu, kuthibitisha kwa maandishi jambo ambalo kijiji kizima kinalijua.